Mpe Kazi Kabla ya Ngeli

Mgeni aliyesoma Kiswahili miezi sita kwa majedwali ya ngeli ataweza kukuandikia ubaoni kwamba KI huenda na VI na LI huenda na YA, asikosee hata herufi. Mpeleke sokoni Darajani, mjini Unguja, mbele ya mama mwenye meza ya nyanya, umwambie anunue mafungu matatu. Atasimama. Ataanza kuhesabu kichwani: fungu, mafungu, kwa hiyo ma-tatu. Akifika hapo, mama ameshamhudumia mteja mwingine. Ujuzi anao, lakini haufiki mdomoni kwa wakati.

Ipo njia ya kufundisha lugha inayoanzia upande wa pili. Mwanafunzi anapewa kazi ya kufanya, anaihangaikia kwa Kiswahili kilekile kidogo alichonacho, na sarufi inamjia baadaye ili kunyoosha yale aliyojaribu kuyasema. Wapo wanaoiita mbinu ya kazi, wapo wanaosema ufundishaji kwa majukumu. Imeandikwa sana kwa ajili ya Kiingereza. Hapa naizungumzia katika darasa la Kiswahili kwa wageni, kwa sababu lugha yetu ina mambo yake ambayo miongozo hiyo haiyagusi.

Kwanza tutenganishe kazi na zoezi. "Jaza nafasi: vitabu ___ mezani" ni zoezi. Mwalimu anajua jibu ni "viko", mwanafunzi anajua kuwa mwalimu anajua, na hakuna hata mmoja anayevitafuta hivyo vitabu. Kazi ina pengo ndani yake: mmoja ana habari ambayo mwenzake hana na anaihitaji. Tena ina tokeo la kushikika, kama vile orodha iliyojazwa, ramani iliyochorwa au pesa iliyobaki mfukoni. Ukitaka kupima ulichokiandaa, jiulize kama ungeweza kujua kimefanikiwa au kimeshindikana bila kusahihisha sentensi hata moja. Kama huwezi, umeandaa zoezi, hata ukilipamba kwa picha na kadi za rangi.

Mwalimu N. S. Prabhu, aliyeongoza mradi wa kufundisha Kiingereza kwa njia hii katika shule za Bangalore kusini mwa India kati ya 1979 na 1984, aligawa mapengo katika aina tatu: pengo la taarifa, pengo la hoja na pengo la maoni. La taarifa ni kama kadi mbili zenye nusu-nusu ya jambo moja. La hoja linamtaka mwanafunzi atoe jambo jipya kutokana na yale aliyopewa, mathalani apange safari kwa kutumia ratiba na nauli. La maoni ni lile la "wewe unaonaje?" Wengi wetu tunakimbilia la maoni, eti mazungumzo. Kwa mwanafunzi wa mwanzo hilo ndilo gumu kuliko yote, maana halina mwisho na halina namna ya kujua umefika. Prabhu mwenyewe aliona pengo la hoja ndilo lililowashika watoto wake vizuri zaidi. Alikuwa pia na kipimo chepesi cha ugumu ambacho kila mwalimu angekihifadhi: kazi inafaa pale ambapo angalau nusu ya darasa inafanikisha angalau nusu ya kazi. Chini ya hapo, ipunguze. Wote wakimaliza yote kwa dakika tatu, ilikuwa nyepesi.

Kabla ya kutunga chochote, waulize wanafunzi wako Kiswahili wanakwenda kukifanyia nini. Muuguzi wa kujitolea anahitaji kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi na tangu lini, na kuelewa jibu la "tangu juzi, kinavuta mpaka mgongoni". Mtafiti wa kilimo anahitaji kupatana siku na mkulima. Mke wa mtu aliyeolewa Tanga anahitaji kukaa jikoni na mawifi zake siku ya shughuli. Ukiwapa wote "Hamisi na Asha waenda shuleni", umempotezea muda kila mmoja wao. Waandikishe kazi tano kila mmoja, zile watakazolazimika kuzifanya mwezi ujao. Zitakazojirudia kwa wengi ndizo muhtasari wako wa kozi.

Soko hujirudia karibu kila mara, kwa hiyo acha nilielezee somo la soko mpaka mwisho wake.

Darasa lina watu wanane, muda ni dakika 90. Wanne ni wauzaji, wanne ni wanunuzi, kisha wanabadilishana. Kadi ya mnunuzi inasema: una shilingi 10,000. Nunua mafungu matatu ya nyanya, kilo moja ya vitunguu, nazi mbili, kilo moja ya maharage na fungu moja la pilipili hoho. Lazima ubaki na 1,000 ya nauli. Kila muuzaji ana bidhaa tatu tu kati ya hizo tano, na kadi yake ina bei ya kwanza na bei ya mwisho. Nyanya ni 1,000 kwa fungu, zinashuka mpaka 800. Vitunguu 2,000, mwisho 1,800. Nazi 1,000, mwisho 700. Maharage 3,000, mwisho 2,600. Hoho ni 500, hazipungui. Atakayelipa bei za kwanza atahitaji 10,500, yaani pesa haimtoshi hata kabla ya nauli. Atakayezifikia bei zote za mwisho atatumia 8,700. Nafasi aliyonayo ni shilingi 300 basi. Sasa fanya muuzaji mmoja wa nyanya akomee 900 badala ya 800: anayenunua kwake mafungu yote matatu ameimaliza nafasi yote hapo hapo, na kila penginepo lazima apate bei ya mwisho kabisa. Bei hizi ni za mfano. Mwalimu apite sokoni asubuhi ya siku ile aandike za kweli, kwa sababu mwanafunzi akikuta bei za darasani zinafanana na za nje, ataiamini kazi inayofuata.

Kadi ya muuzaji ina masharti matatu, na humo ndimo somo lilimo. La kwanza: usitaje bei kabla hujasalimiwa. La pili: usipunguze mpaka mnunuzi atoe sababu kwa Kiswahili. Ananunua nyingi, au nyanya zimeiva mno, au meza ya pili wanauza mia nane, sababu yoyote, ila aiseme. La tatu: mpe kile ulichosikia. Akisema "nipe tatu", mpe nyanya tatu. Akisema "nipe matatu", mpe mafungu matatu.

Sharti hili la tatu ndilo linalonifanya nione soko kuwa mwalimu wa ngeli kuliko jedwali lolote. Sokoni hakuna anayerudia jina la kitu akishakitaja. Fungu limeshatajwa, basi inabaki "nachukua matatu", na lile ma- ndilo linalobeba fungu zima. Ondoa ma- na umeomba nyanya tatu za kula njiani. Vitunguu vinakuwa "vitatu", nyanya "tatu", machungwa "matatu". Mgeni akishapokea nyanya tatu mkononi badala ya mafungu matatu, ameelewa upatanisho ni wa nini, na hutahitaji kumshawishi kwamba ngeli zina maana.

Dakika 15 za mwanzo ni za maandalizi. Weka vitu vyenyewe mezani: fungu la nyanya, nazi, vitunguu, na kama unaweza kuipata, sado, lile kopo la rangi la lita nne ambalo Bara limekuwa kipimo cha maharage na viazi. Kisha wasikilize mazungumzo mafupi uliyoyarekodi ya watu wawili wazawa waliopewa kadi zilezile, bila kuandikiwa cha kusema. Dakika mbili zinatosha. Utaona hawasemi kama kitabu:

"Mama, shikamoo."
"Marahaba, karibu."
"Nyanya shingapi?"
"Fungu buku."
"Mia nane, nachukua matatu."
"Haya, lete."

Wasikilize mara ya kwanza wakitafuta nani kapata punguzo, mara ya pili wakitafuta kwa nini. Halafu dakika tatu za kusoma kadi kimyakimya. Usifundishe mnyambuliko hapa. Kishawishi ni kikubwa, najua, hasa kwa sisi tuliofunzwa kuanza na kanuni. Lakini ukiweka "leo tutajifunza kauli ya kutendea" ubaoni, watakachofanya dakika zinazofuata ni kutafuta mahali pa kuichomeka. Bei wataisahau, kazi itageuka zoezi, na wewe utarudi nyumbani ukidhani wameelewa.

Kazi yenyewe inachukua dakika 24, kumi na mbili kila upande. Wanunuzi wanatembea, wauzaji wamekaa. Mwalimu anakaa pembeni na karatasi yenye safu tatu: kilichosemwa vizuri, kilichosemwa vibaya, na kilichotakiwa kusemwa kikakosekana. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani, kwa kuwa inakuonyesha mahali mtu alipoishiwa. Usisahihishe. Mtu akikuomba neno, mpe neno, basi. Unayemkatiza mtu anayepatana bei unamtoa sokoni na kumrudisha mtihanini, na huwa harudi tena kwa moyo uleule.

Zinafuata dakika 12 za kupanga ripoti na 14 za kuitoa. Kila mmoja ataeleza darasa alinunua nini, kwa nani, kwa bei gani, na amebakiza kiasi gani. Mpangilio huu wa kazi, maandalizi ya ripoti, ripoti, na ndipo lugha yenyewe, ulienezwa na Jane Willis wa Uingereza katika miaka ya 1990, na kiungo ambacho walimu wengi hukiruka ni hiki cha ripoti. Wakati wa kazi mwanafunzi anataka kueleweka tu, na "nyanya, tatu, mia nane" inaeleweka. Anapojua atasimama mbele ya wenzake, anaanza mwenyewe kujali usahihi. Anakuita: nasemaje "he refused"? Unampa "alikataa". Wakati uliopita unaingia wenyewe, nilinunua, nilimwambia, akanipunguzia, bila mtu kuutangaza. Wasikilizaji nao wape kazi, la sivyo watasinzia: waandike nani kapata nazi kwa bei ya chini kuliko wote.

Dakika 25 za mwisho ni za sarufi. Toa sentensi sita kwenye karatasi yako, nne zenye kasoro na mbili nzuri, uziandike ubaoni bila jina la mtu. Zitakazokuja karibu kila darasa ni "mafungu tatu", "vitunguu ngapi?" na "nimelipa wewe". Waachie wenyewe wazirekebishe wawili-wawili kwanza. Kisha chukua kile kilichokosekana. Katika somo hili kitakuwa kauli ya kutendea, kwa sababu soko zima limejengwa juu yake: nipunguzie, niongezee, nichagulie nzuri, nifungie, niwekee hapa. Mgeni hufika na "unaweza kupunguza bei?", sentensi isiyo na kosa ambayo hakuna mteja wa Darajani anayeisema. Mpe "nipunguzie basi" na umempa sarufi, adabu na sauti ya mahali kwa mara moja. Hapo sasa fanya mazoezi, hata ya kurudiarudia. Yana kazi yake, kwa kuwa mwanafunzi ameshaona shimo linalozibwa.

Sasa yanayoharibika. La kwanza ni Kiingereza. Wanafunzi wanane wanaokijua wote watakikimbilia ndani ya dakika mbili, na kuwakaripia hakusaidii. Wape kabla ya kazi vishikio vitano: "sema tena", "polepole tafadhali", "unamaanisha nini?", "sijui jina lake, ni kitu cha…", "yaani…?" Hicho cha nne ndicho muhimu kuliko vyote. Anayeweza kusema "kitu cha kukunia nazi" hahitaji tena Kiingereza wala neno mbuzi. Kwa wanaoanza kabisa, ningewaruhusu lugha yao dakika mbili za kupanga, halafu isitumike tena mpaka kengele ya mwisho.

La pili ni ishara za mikono. Kazi inaisha, pesa imebaki sawasawa, na hakuna sentensi iliyosemwa. Wakalishe wakipeana migongo, au wafanye kwa simu kutoka chumba cha pili. La tatu ni yule mwanafunzi hodari anayefanya yote huku mwenzake akitikisa kichwa. Dawa yake iko kwenye kadi: gawanya habari ili hodari asiwe na kitu bila mwenzake, na weka sharti kwamba kadi haionyeshwi, inasemwa. La nne ni adabu. Katika darasa la watu wazima wa Ulaya "nataka" hutoka kwa wepesi, kwa kuwa ndivyo kamusi ilivyowaambia. Kadi ya muuzaji ishughulikie hilo: akisikia "nataka", asisikie vizuri, mpaka asikie "naomba" au "nipatie". Na "mambo?" kwa mama wa makamo ijibiwe kwa kimya. Mwalimu aeleze mwishoni, siyo kabla, kwamba shikamoo inakwenda kwa aliyekuzidi umri, na kwamba kumwita mtu mama, mzee, dada au kaka ni sehemu ya bei. Anayeanza na "jambo" atauziwa kwa bei ya mtalii, na muuzaji darasani aruhusiwe kumpandishia.

Kazi ikiwa ngumu mno, usiibadilishe mada. Punguza bidhaa kutoka tano hadi tatu, ongeza muda wa kupanga, au irudie wiki ileile kwa kadi mpya. Walimu huogopa kurudia, wakidhani wanafunzi watachoka. Kinachotokea ni kwamba mara ya pili maana haiwashughulishi tena, akili inapata nafasi ya kuangalia umbo. Ripoti nayo irudiwe kwa wasikilizaji watatu tofauti, dakika nne, kisha tatu, kisha mbili, na utasikia vituo na "eee" vikipungua.

Kazi ya pili ambayo isikosekane kwenye kozi yoyote ya Kiswahili ni ya saa. Mwanafunzi A ana shajara iliyoandikwa kwa saa za kimataifa: ana nafasi 9:00 hadi 11:30, na 16:00 hadi 17:00. B anayo ya Kiswahili: saa 5 hadi saa 6, na saa 9 hadi saa 10. Wapange kikao cha nusu saa. Mtego upo wazi: anayesikia "saa tisa" akaandika 9:00 ataona wamepata saa nzima, na watafurahi. Saa tisa ya B ni alasiri, 15:00, A hana nafasi. Jibu pekee ni saa tano mpaka saa tano na nusu. Usiwaambie kanuni ya kuongeza sita. Waache waende kwenye hicho kikao, mmoja afike asubuhi na mwingine alasiri, halafu waulize walikosana wapi. Walioendelea uwaongezee usiku: mwaliko wa chakula "usiku wa Ijumaa". Kwa mtu wa pwani wa jadi, siku inaanza jua linapotua, na huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Mgeni atakayekwenda Ijumaa jioni atakuta vyombo vimeshaoshwa.

Kwa viambishi vya mahali, chora chumba. Mmoja ana picha, mwenzake ana karatasi tupu na penseli: meza iko katikati, kiti kiko mlangoni, vikombe viko juu ya meza, dirisha liko kushoto. Iko, kiko, viko, liko, uko, ziko zote zinajitokeza kwa dakika kumi, na tokeo linawekwa kando ya picha ya kwanza. Haina mengi ya kueleza zaidi ya hapo, ila vitu vichaguliwe kwa makusudi. Ukijaza chumba kwa meza, taa, kalamu na sahani, umefundisha ngeli moja.

Mtihani nao uwe kazi. Huwezi kumfundisha mtu kupatana bei halafu umpime kwa kujaza nafasi. Wiki ya pili tu atakuwa ameshajua kipi chenye alama na ataacha kuhangaika na kadi. Mpe kadi asiyoiona, muuzaji asiyemjua, dakika sita. Nusu ya alama ziende kwenye tokeo: vitu vimetimia, nauli imebaki. Robo ziende kwenye kueleweka bila kurudiwa mara tatu, na robo kwenye upatanisho na adabu.

Na siku ya mwisho wa wiki, waende sokoni kwenyewe. Wawili-wawili, si kundi, maana kundi la wageni wanane linageuza soko kuwa maonyesho. Mwalimu asiambatane nao. Akae kwenye mgahawa wa karibu na simu ikiwa wazi. Kila jozi iwe na pesa halisi, orodha ya vitu vinne, na swali moja la kumuuliza muuzaji lisilohusu bei, kama vile nazi hizi zimetoka wapi. Waombe idhini kabla ya kurekodi. Muuzaji akikataa, waandike baadaye wanachokumbuka. Wakirudi, vitu viwekwe mezani, chenji ihesabiwe mbele ya wote, na bei walizolipa ziandikwe. Ndizo zitakazoingia kwenye kadi za darasa linalofuata.